Mfereji wa Nne katika Jino la Baba

Mama yangu mpendwa,

Natumaini umeamka salama, na kwamba goti limetulia tangu mvua zilipokatika huko Qurus. Mimi huku Dar es Salaam ni mzima, joto tu ndilo linanichosha.

Kile kiberiti chenye jino la Baba ulichokuwa ukikitafuta, ninacho mimi. Nilikichukua baada ya mazishi bila kukuambia. Nisamehe.

Unajua nafanya usafi kwenye chuo cha madaktari wa meno. Kuna chumba chenye mashine inayopiga jino picha pande zote. Kisha kwenye kompyuta wanaligeuza na kulikata vipande vyembamba, picha tu, jino lenyewe likiwa zima. Wanachunguza mifereji ya ndani ya mizizi, ile ambamo hupita mishipa. Mwezi mzima nilideki chumba kile, kiberiti kikiwa mfukoni. Wiki iliyopita nikamwonyesha daktari wa chumba hicho.

Aliligeuza mkononi, akaona ile rangi ya kahawia ambayo maji yetu ya kule huacha kwenye meno. "Huyu mtu wa Arusha," akasema akicheka.

"Karatu," nikasema.

"Si huko huko?"

"Si huko huko, daktari. Ni baba yangu."

Akaacha kucheka, akaliweka kwenye mashine.

Mama, unakumbuka lile jino lilivyozibwa mizizi pale mjini, na bado Baba akawa anatafunia upande mmoja, makande anayaponda kwanza kwa kijiko? Mimi ndiye niliyemwambia, "Baba, mshipa umeshatolewa, sasa kinauma nini?" Akanijibu, "Hulali nalo wewe." Tulicheka wote, hata wewe. Lilipong'olewa akalitunza, akisema ipo siku atapatikana wa kulieleza. Presha ikamchukua kabla hajapatikana.

Kwenye picha mifereji mitatu ilionekana myeupe, imezibwa vizuri. Wa nne ulikuwa mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ndani ya mzizi mmoja na mwenzake. Haukuguswa. Daktari alisema aliyemtibu hakuzembea. Picha ya kawaida ni bapa, na mfereji huo hujificha nyuma ya mwingine.

Nikamuuliza, "Ungeweza kuuma?"

"Kila siku," akasema.

Nilikwenda kukaa stoo na ndoo yangu kwa muda.

Sasa anaomba jino libaki chuoni, wanafunzi wajifunzie kuutafuta huo wa nne. Sijamjibu. Jino ni la mumeo, na nimeshalichukua mara moja bila kukuuliza. Ukisema lirudi, nitakuja nalo Krismasi tulifukie pale alipo. Ukisema libaki, litabaki.

Nisalimie mjomba Tarmo na ng'ombe wake, shangazi Martina wa cherehani pale sokoni, na mdogo wangu Safari, apunguze miwa.

Ila jambo moja lisingoje Krismasi. Ukienda kupalilia kaburi, mwambie Baba nimeona kwa macho yangu. Lilikuwa linauma kweli.

Ni mimi binti yenu,
Paskalina