Mama Alivyokuimbia

Chiola, Nachingwea
14 Septemba 2003

Kaka Hemedy,

Huku mikorosho imechanua vizuri na yule mbuzi mweusi kazaa mapacha. Barua yako imefika juzi, ya kwanza baada ya miaka tisa. Unasema utakuja Idi. Ngoja nikueleze.

Mwaka jana walikuja wageni wa okestra, watu kumi na wawili na fidla zao, kushirikiana na vikundi vya hapa. Kwaya ya Ruangwa ilitoa pambio. Sisi kikundi cha akina mama tukaombwa wimbo wetu wa zamani kabisa. Ni ule wa kulilia msibani, na unajua hauimbwi bila kumtaja marehemu ambaye bado hajaliliwa. Akina mama wote wakainama. Nani amtaje wa kwake?

Mama akasimama, akakutaja wewe.

Wageni waliupenda. Wakamwomba arudie mara tano ili fidla zishike sauti. Mara tano, Hemedy, na kila mara wakapiga makofi.

Basi ukawa umetajwa. Jioni majirani wakaja kutupa pole, Mama akanyoa nywele. Arobaini tulisoma, ubwabwa tukala, mashati yako nikayagawa mwenyewe. Mkeo Zena alikaa eda, akamaliza, sasa kaolewa Marambo.

Barua yako nilimsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyu aliyeandika, alimfahamu marehemu mwanangu?"

Nikamjibu hapana.

Aliyekuwa mdogo wako,
Ashura