Samaki Asiye na Kichwa

4 Machi

Wifi yangu,

Nakusalimu, maana salamu hazijanikosea. Aliyenikosea ni wewe. Mimi sijambo, goti tu linanikumbusha umri. Nawe hujambo, nilikuona juzi, mashavu yamekujaa. Aliyekwisha ni mdogo wangu, mumeo.

Nilikuja kumjulia hali, nikafungua friji nitafute maji, nikakuta boksi. Ndani samaki, wewe ndiye unayewaita samaki. Hawana kichwa, hawana mkia, wote urefu mmoja kama vipande vya sabuni, wamevikwa koti la mkate. Mtu katoka kwenye kiharusi, mdomo umekwenda upande, mkewe anamlisha vitu vya dukani. Mimi nimekaanga samaki sokoni mpaka moshi ukanila macho, na sijawahi kuona samaki aliyezaliwa amevaa nguo.

Fundi, andika hivyo hivyo, usinilainishie. Huyu anayeniandikia ni fundi cherehani wa mlango wa pili, ana suruali ya mtu mezani tangu asubuhi, lakini barua hii kwanza.

Nasema hivi: Jumamosi namfuata mdogo wangu. Kwangu atakula samaki mwenye macho. Ukimzuia tutaonana wabaya.

Wifi yako mkubwa.


7 Machi

Wifi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, pole na goti.

Samaki wa boksi anakula mara mbili kwa wiki, siyo kila siku. Nilimwuliza mtu wa lishe pale kliniki. Alisema wanafaa, ila nisome chumvi iliyoandikwa ubavuni, maana maboksi hayalingani, niwaoke badala ya kuwazamisha kwenye mafuta, na sahani ijae mboga. Ndivyo ninavyofanya. Tena hawana miiba. Upande mmoja wa mdomo wake hausikii kitu, na mimi narudi kutoka kufua mashuka ya hoteli jioni nimechoka. Na wewe, mafuta yako ya kukaangia huwa unayamwaga lini?

Ukitaka kumchukua, mchukue. Mwenyewe kasema hataki watu wagombane juu ya kichwa chake. Dawa zake nimezifunga kwenye mfuko wa bluu. Chumvi usimtilie.

Wifi yako.


19 Machi

Wifi yangu,

Hali zetu nzuri kuliko zenu. Mdogo wangu analala kitandani kwangu, mimi nalala chini, na sijalalamika kwa mtu ila kwa majirani.

Anakula. Polepole, sahani inarudi na nusu, lakini nusu ya samaki wa kweli inashinda boksi zima. Umeniuliza mafuta. Mafuta yaliyokwisha kukaanga ndiyo yanayoijua kazi. Na chumvi natia, maana chakula bila chumvi ni msiba usio na ndugu. Kulikuwa na jirani yetu hagusi chumvi kabisa, akafa kwa kugongwa na baiskeli. Kujinyima kulimsaidia nini? Alikuwa na viatu vizuri yule mtu. Nilikuwa nasema nini, fundi? Enhe, anakula.

Ana kikohozi kidogo, vumbi tu. Nimempa tonge kavu la wali alimeze. Wewe usije. Ukija nitajua umekuja kunipima.

Wifi yako mkubwa.

Mimi fundi naongeza haya bila yeye kujua. Ananiona naandika, anadhani namalizia salamu. Si vumbi, ni mwiba. Umemkaa kooni tangu juzi na mzee hataki kusema mbele ya dada yake. Ukisoma hii, njoo.


2 Aprili

Wifi yangu,

Barua hii anaiandika kinyozi. Fundi nimemwachisha kazi, ingawa nilikuwa simlipi.

Uliingia kwangu bila hodi, ukamshika mumeo kidevu, ukamwambia afungue mdomo, ukampakia kwenye gari mimi nimesimama na mwiko. Mtaa mzima uliona. Hilo sitalisahau, usinitegemee. Nasikia mwiba ulitolewa. Nasikia sasa anameza. Nasikia, maana kuambiwa sijaambiwa.

Pale mlangoni mwa gari nilimwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Dada, ulikuwa unaniangalia ninavyokula." Basi. Neno hilo limenikaa mimi sasa, na hakuna tonge la kulishusha.

Anayeleta barua analeta na bakuli. Ni samaki. Nimemchambua miiba kwa vidole hivi, kisha nikapapasa kila kipande upya, maana macho yangu siyaamini. Nimeviringisha kwenye chenga za mkate nilioanika mwenyewe juani, nikakaanga kwa mafuta mapya. Chumvi sikutia. Nimetia kidogo. Usidhani nimekubali boksi lako. Boksi ni boksi. Mpe ale, usimwambie kapika nani. Akisema ni watamu kuliko wako, hapo ndipo umwambie.

Wifi yako mkubwa.


3 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Bakuli lako hilo, nimeliosha.

Niliwapasha moto kwenye oveni, nikawaweka na mboga, nikamwambia ni wa boksi. Kala kipande cha kwanza. Kala cha pili. Cha tatu akakiweka chini, akaomba maji, akanywa yote. Kisha akacheka, upande ule unaoweza kucheka. Akasema, "Dada hawezi kujificha kwenye mkate. Chumvi inamtaja."

Kipande akakimaliza.

Mara nyingine usitie kabisa.

Wifi yako.