Alama Ndani ya Pete

Jumatatu, 3 Machi
Nimevuta waya wa dhahabu asubuhi yote. Kuvuta, kupasha moto, kuvuta tena. Mabega yanawaka. Ni pete mbili za Akinyi wa Muhuru Bay, harusi Jumamosi ya wiki ijayo. Dhahabu aliileta mwenyewe, ya mashimo ya Macalder. Njano nzito, tamu kufanyia kazi.

Shemeji Okoth amepita tena kibandani. Tangu tumzike Otieno wangu mwaka jana, ndugu yake huyu kazi yake ni kuniuliza nitakubali lini anirithi niwe mke wake. Leo ameniita chola mbele ya wateja. Mjane asiyerithiwa. Ati nikiingia boma la mtu naacha mkosi mlangoni. Kwani Otieno alikufa, mimi nikawa ugonjwa? Alikuwa anachezea tupa zangu akiongea. Nikamnyang'anya.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi ya Akinyi amekuja kutoka Muhuru. Nilimpa mkono wa salamu, akakumbatia mkoba wake. Sawa.

Amesema ukoo umesikia habari yangu. Pete za harusi haziwezi kutoka mkononi mwa chola, zitawaletea watoto balaa. Lakini ana huruma, ameona njia. Nimalize kazi, ninyamaze, wao watasema imefanywa na fundi mwanamume wa Homa Bay. Tena nisigonge ile alama yangu ndani.

Alama ni A ndogo yenye mguu mmoja mrefu. Adhiambo. Mzee Salim, sonara wa Lamu aliyenifundisha hapa Migori mjini, alinichongea mwenyewe siku aliyosema sasa naweza. Sijawahi kutoa pete bila hiyo.

Nimebaki naangalia kidole chake. Pete yake ya ndoa imezama, nyama imepanda huku na huku. Nikamwambia, mama, hiyo ikatwe mapema. Akaficha mkono chini ya leso.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeharibu pete ya bibi harusi. Nilikuwa nachomelea kiungo huku nabishana na yule mama kichwani, namjibu yote niliyomeza jana. Moto ukakaa mahali pamoja. Pete ikalegea, ikajikunja, ikawa tone.

Yawa! Hata wanafunzi hawafanyi hivyo. Otieno angecheka mpaka ashike mbavu. Nimelia kidogo, na si kwa ajili ya pete. Halafu nimeanza upya kuvuta waya.

Ijumaa, 7 Machi
Okoth tena. Safari hii ameshasikia habari ya Muhuru na uso unang'aa. Ati nikubali tu, ni usiku mmoja naye, nitakaswe, mila itimizwe, na wateja watarudi wenyewe. Anasema kama mtu anayenisaidia kubeba gunia.

Nikamwambia mikono yangu naosha kwa sabuni, si kwa mwanamume. Ameondoka akitukana hata kofia akasahau. Nimeitundika kwenye ua wa mabati, mvua ikaipiga.

Jumapili, 9 Machi
Nimepiga msasa. Sitaki kuona mtu.

Jumatatu, 10 Machi
Pete zimekamilika. Laini, hakuna anayeweza kuona pameunganishwa wapi.

Zikitoka bila alama, harusi inaendelea na mimi nabaki na kazi yangu, kimya, sifa kwa yule fundi mwanamume wa Homa Bay. Zikitoka na alama, wanaweza kuzikataa, na tangu hapo hakuna bibi harusi atakayekanyaga hapa. Najua vizuri. Kibanda hiki ndicho maisha yangu. Sina kingine.

Nimegonga. Zote mbili.

Nimempigia Akinyi mwenyewe, si shangazi. Nimemwambia zina alama yangu, aje aone. Akitaka zisizo na alama nitaziyeyusha nimrudishie dhahabu yake, akatafute huyo mwanamume.

Jumatano, 12 Machi
Amekuja peke yake. Nilidhani atakuja na jeshi. Ameshika pete dirishani, akapitisha ukucha ndani. Akauliza kama alama itaonekana akivaa. Hapana. Itafutika? Hapana, si leo wala akizeeka.

Akaivaa, akaivua. Kisha akasema basi akiulizwa ni kazi ya nani atakuwa anaivua awaonyeshe. Akazifunga kwenye kitambaa, akaenda.

Hakunialika. Harusi ni bomani kwao, na mimi boma siingii. Nimekasirika, na nimefurahi, yote pamoja.

Jumamosi, 15 Machi
Harusi leo. Nimetengeneza kishikizo cha mkufu wa mtu. Simu sijaigusa.

Alhamisi, 27 Machi
Kulikuwa na mvua. Nilikuwa nanoa patasi, nikaona kivuli mlangoni. Shangazi ya Akinyi. Kidole kimekuwa zambarau, kimevimba kama muhogo. Zahanati walijaribu sabuni, wakajaribu uzi. Alisimama hapo hapo kizingitini, hajui aanze vipi.

Sikumsaidia kuanza. Nilitaka aseme. Akanyoosha mkono tu.

Nikavuta kigoda. Nikaulaza mkono wake kwenye goti langu, mzito, una joto. Nikapenyeza kibati chembamba chini ya pete, nikakata kwa msumeno mdogo, polepole, unga wa dhahabu ukiangukia aproni yangu. Alinishika kifundo cha mkono kwa ule mwingine, kwa nguvu. Pete ikaachia. Akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

Nilikuwa nimemaliza, lakini hakuondoa mkono. Tukakaa hivyo, mvua ikipiga mabati. Akasema Akinyi hajambo, na mumewe hajambo.

Nikauliza, niipanue, uivae tena? Akaitikia kwa kichwa.

Alipofika mlangoni aligeuka nusu. Akasema, bila kuniangalia, nisisahau kugonga ile A yangu.

Pete yake iko mezani, imekatika, ndani imelika kwa miaka. Kesho nitaipasha moto polepole.