Malewa Aliyokula Zaituni

Masese, Jinja

Mwanangu Hamisi,

Salamu za Mungu zikufikie hapo Mbale, wewe na nyumba yako. Mguu wako umepona? Watoto wanakwenda shule, au wanazurura nyuma ya viwanda wakiokota vyuma? Mimi tangu nije huku kumuuguza dada yako ni mzima, mgongo tu. Naandika kwa mkono wangu, na usizicheke herufi zangu, darasa la tatu lilinitosha kuwalea nyinyi. Kwenye simu unajibu "ndiyo mama" huku unaendesha lori lako. Karatasi huwezi kuikata. Isome, kisha msomee mkeo, yote.

Dada yako Zaituni hali yake mbaya. Amerudi hospitalini. Hamezi hata mate, anayatema kwenye kopo, na maji anawekewa kwa mshipa. Alhamisi wanampasua tena.

Hapa Masese watu wanasema daktari ndiye aliyemharibu. Waongo. Unajua mwenyewe miaka yote alivyoungua kifua, analala ameketi, ameegemea gunia, anameza vidonge kila asubuhi, mpaka sauti ikakauka. Daktari akasema asidi imeshamtia vidonda kwenye mrija wa chakula. Wakamtoboa vitundu vidogo tumboni, wakapitisha kamera na vyuma vyembamba, wakaikunja sehemu ya juu ya tumbo na kuizungusha kwenye ule mrija kama mtu anavyojifunga leso shingoni, asidi isipande tena. Aliporudi nyumbani akalala chali. Tangu azae mtoto wake wa kwanza sikuwa nimemwona amelala chali. Nilisimama hapo namtazama kama mjinga. Na muuza nyanya wa hapa sokoni alifanyiwa hiyohiyo, leo anakula posho ya mahindi na kiungulia hakijui.

Lakini daktari alionya, na mimi nikakupigia nikakuambia: uji, supu, vitu vya kupondwa, kidogo kidogo, mpaka atakapomruhusu. Vitundu vya nje ni vidogo, kazi ya ndani ni kubwa, na bado pamevimba. Ukasema ndiyo mama.

Halafu mkaja. Mimi nilikuwa ufukweni nageuza samaki wa biashara ya Zaituni kwenye tanuri wasiungue. Mkeo akafunua sufuria: malewa ya kwao mlimani, machipukizi ya mianzi yenye nyuzi, yamepikwa kwa karanga, na posho ngumu. Zaituni akasema hawezi. Jirani aliyekuwepo amenieleza mkeo alivyojibu: "Vitundu vya sindano hivi, wifi, na unajilaza kama aliyezaa mapacha? Au chakula changu ndicho chenye vidonda?" Wakacheka wote. Na wewe umekaa hapo, Hamisi, unachezea simu. Zaituni akala. Akamaliza sahani, akashukuru.

Niliporudi mlishaondoka. Nikamkuta ameshika kifua, chakula kimekwama. Akajikakamua kutapika mpaka adhana ya magharibi, na kule kujikakamua ndiko kulikochana nyuzi za ndani. Daktari alinionyesha picha. Ile kazi yote imefumuka, tumbo limepanda kifuani. Akasema mara ya pili si kama ya kwanza. Makovu yameshikana, huenda wakalifungua tumbo lote, mrija unaweza kutoboka, na hata wakifaulu huenda asimeze tena kama zamani. Nikamuuliza, "Atakufa?"

"Wengi hawafi, mama. Lakini siwezi kukuapia."

Mkeo simlaumu kama ninavyokulaumu wewe. Yeye hakuambiwa. Umekiri mwenyewe kwangu kwamba uliona aibu kumwambia aende kwa wifi yake bila kitu mkononi. Mwanamume mzima, unapitisha lori la saruji kwenye matope mpaka Busia, unaogopa kikapu.

Jana nilimuuliza Zaituni kwa nini hakukataa. Akasema, "Mama, ningemrudishiaje wifi sahani imejaa?" Nikamuuliza, na wakija tena na chakula baada ya huku kupasuliwa? Akageukia ukutani. "Nitakula," akasema. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Msalimie mjomba wako fundi baiskeli, na shangazi yako anayewasomesha watoto Kurani. Msalimie mama mkwe wako, najua malewa yale aliyakausha kwa moshi wa jiko lake. Mwambie yalikuwa matamu, Zaituni mwenyewe amesema.

Njoo na mkeo kabla ya Alhamisi. Msibebe kitu, si ndizi, si chapati, si soda ya watoto. Mpite katikati ya wodi mikono ikining'inia, wenye wagonjwa wao wawatazame na waseme watakayosema. Msimame mbele ya kitanda chake hivyohivyo mpaka awaone vizuri, ajue hakuna sahani ya kumrudishia mtu.

Ni mimi mama yako, niliyekufundisha kutokwenda kwa watu mikono mitupu,

Bi Mwajuma