Funga ya Mama Isiyokwisha

Misima,
Handeni.
20 Julai 1952

Mpendwa kaka Mhina,

Shikamoo kaka. Hujambo na baridi ya huko Nairobi? Wifi na watoto hawajambo? Kazi ya reli inakwendaje? Sisi huku wazima kiasi. Mahindi tumekwisha kuyapandisha darini. Mume wangu Salimu anakusalimu sana. Siku hizi ana mvi mpaka kwenye ndevu, ukija umcheke.

Sasa habari ya mama. Kaa kitako kwanza, kaka.

Unakumbuka mama yetu alivyokuwa. Maji ya kutuogesha aliyapima kwa kiwiko. Ukirudi kutoka machungani, akikutazama midomo tu anajua umeshinda na njaa, na bada ya muhogo inasongwa kabla hujaweka fimbo chini. Baridi ya Julai kama hii alitufunika kanga zake zote mbili, yeye akajifunika gunia. Ah, siku zile! Nazililia, wallahi.

Kusahau kwake unakujua. Ulipokuja mwaka juzi alikuita kwa jina la marehemu baba, tukacheka. Basi Ramadhani hii alifunga yote. Sikukuu ikapita, naye akaendelea. Tukimwekea chakula anasema, "Kuleni, mimi nimefunga." Tukadhani ni zile sita za sunna za Mfunguo Mosi. Shangazi Mwanaidi akamsifu kwa majirani, jamani Bi Chausiku ana imani, nasi tukavimba vichwa. Sita zikapita, bado kafunga. Nani angethubutu kumvunjia mzee funga yake? Hata jua likizama, uji anaugusa kwa midomo tu na kusema ameshiba.

Mchana mmoja nikamkuta jikoni, kiganja kakiegemeza kwenye chungu cha moto, ngozi inaungua, yeye ananitabasamia! Nilipiga ukelele nikamvuta mkono. Kuinuka akashindwa, akaanguka. Salimu alisimamisha lori la katani, tukampeleka hospitali ya Korogwe.

Pale tulimkuta dresa mtu mzima, Ponsiano, mpole sana. Alimminya ngozi ikabaki imesimama kwa kukosa maji. Akatuambia mama hakufunga. Ni maradhi ya ubongo uliochakaa. Tulidhani umesahau majina ya watu tu, kumbe umesahau hata kuusikiliza mwili. Njaa ipo, kiu ipo, baridi ipo. Mwili unaita, kichwa hakiitiki. Ndiyo maana alfajiri hutoka nje na kanga moja wala hatetemeki, na haja humtoka bila kujua. Dawa hakuna. Tumpe maji na chakula bila kungoja aombe, tumvike bila kungoja alalamike baridi. La sivyo atakufa na chakula kipo mbele yake. Nililia pale pale mbele ya watu.

Mkono unapona. Lakini kumlisha, kaka, ni vita! Anafumba kinywa kama mtoto anayekataa mwarobaini. Juzi nimekaa naye na sahani mpaka bada imepoa, nikachoka, nikasema kwa hasira, "Mama, mimi nina njaa!" Aligeuka upesi, akakata tonge, akachovya mlenda, akanitia kinywani. "Kula Mhina, kula mwanangu." Nikala. Nikamkatia lake, naye akala.

Njaa yake haisikii. Ya mwanawe anaisikia. Tangu hapo kila mlo mimi ndiye Mhina, na maji vilevile: ninywe mimi kwanza, ndipo anywe yeye. Sijui jina hilo litabaki kichwani mwake mpaka lini. Likitoka, sina ujanja mwingine. Omba likizo, kaka, tafadhali, usingoje mwisho wa mwaka.

Nisalimie wifi Kudra na watoto wote. Shangazi Mwanaidi anakuombea dua, nasi sote twamwomba Mungu akufungulie njia na akufikishe kwetu salama. Mimi nimekwisha kunenepa kwa jina lako. Njoo ule mwenyewe, mama angali anakulisha.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye kwa moyo wote,
Zamda