Ufagio wa Lena

Mdogo wangu Mwanaidi, mimi mzima, ila joto la Doha linanikausha kama dagaa.

Ngoja nikwambie kilichonipata. Rehema wangu anakaa chumba kimoja na Lena, Mzungu wa Afrika Kusini anayeoka mikate hotelini wanakofanya kazi wote. Jana upepo uliingiza vumbi, nikaona ufagio mzuri umetundikwa ukutani, una utepe mwekundu, nikafagia chumba chote. Lena kurudi, akashika kichwa! Rehema akaninong'oneza: "Mama, huo si wa taka, ni wa ibada. Dini yake inaitwa Wika. Wanafagia mabaya kabla ya kusali. Wengine wao hujiita wachawi."

Wachawi! Nikafunga begi la mwanangu hapo hapo, tuhame. Nikamuuliza Lena, Rehema akitafsiri: "Wewe unaloga watu?"

Akacheka mpaka machozi. "Mama, ningejua kuloga, bosi si angeshanipandisha cheo?" Akasema wao wanaheshimu mwezi, miti na mavuno, na mwiko wao ni kumdhuru mtu, maana ubaya humrudia mwenyewe mara tatu. Kisha akakata mkate wa asali wa sikukuu yao ya mavuno. Kipande kimoja akakiweka kwenye chungu cha maua kuishukuru ardhi, kingine akanipa. Nikapiga bismillahi, nikala. Mtamu, wallahi! Nikazirudisha nguo za Rehema kabatini.

Lena anasema mwezi ukipevuka atauombea huo mguu wako unaokuuma. Nimekubali, ila ustadhi asijue. Upone haraka, kipenzi changu.

Dadako, Mama Rehema