Shemeji kampasua mtu kichwa kwa sababu ya sanamu

Shoga, acha unachofanya usome hii. Mume wa dada kampasua mtu kichwa.

Ndiyo, huyo huyo shemeji kinyozi, mpole wa watu. Kisa zile sanamu za wanamieleka anazozipanga kwenye kabati la vioo pale saluni.

Alimuuzia fundi pikipiki, mkusanyaji mwenzake, sanamu mpya. Leo fundi kairudisha, mkono umechomoka begani. Akasema, "Siku hizi mnatuuzia plastiki ya ndoo. Watoto wetu hawatakuta hata moja nzima." Shemeji akacheka, akaendelea kunyoa.

Fundi akafungua kabati, akatoa ile ya zamani ambayo shemeji aliachiwa na marehemu baba yake. Akawa anaipinda shingo. "Ona, hii ndiyo kazi. Haivunjiki."

Ikavunjika.

Dada alikuwepo. Anasema shemeji aliweka mashine chini taratibu, akamkamata fundi kisogoni, akambamiza uso kwenye kabati. Vioo vikamwagika. Akamvuta, akarudia. Akarudia tena, shoga. Mteja mwenye povu shavuni ndiye aliyemng'oa.

Sasa shemeji yuko mahabusu. Dada kampelekea shuka, swali la kwanza: "Kichwa vipi?"

Dada akamwambia, "Kimeshonwa, ila jicho moja daktari hana uhakika nalo."

Akamjibu, "Nauliza cha sanamu."

Dada kaondoka na shuka lake. Yuko hapa kwangu na watoto, anaosha damu kwenye viatu.